Gari la Watu Wanne, Mtihani wa Mtu Mmoja

Kilomita 400 kutoka Dar es Salaam hazimfikishi msafiri hata Dodoma. Kutoka Aachen, mji wa chuo ulio magharibi kabisa mwa Ujerumani, kilomita hizohizo humfikisha Paris, akiwa amekwisha kuikata Ubelgiji. Ufupi huu wa njia umezifanya safari za barabarani kuwa sehemu ya maisha ya wanafunzi wa kigeni barani Ulaya, awe Mhindi, Mbrazili au Mtanzania. Ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp siku ya Jumatano: gari limepatikana, imebaki nafasi moja, kuondoka Ijumaa saa kumi jioni. Jibu linatakiwa usiku huohuo, na ndani ya jibu hilo la neno moja masomo, pesa, kibali cha ukaazi na urafiki hugombania nafasi.

Kilichofanya safari hizi ziwezekane kilisainiwa tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli iitwayo Princesse Marie-Astrid, iliyokuwa mtoni Moselle kwenye kijiji cha Schengen, nchini Luxembourg. Nchi tano, yaani Ujerumani Magharibi, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg yenyewe, zilikubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Utekelezaji ulianza Machi 1995. Leo eneo hilo lina nchi 29. Za mwisho kuingia kikamilifu zilikuwa Bulgaria na Romania, Januari 2025. Kijiji chenyewe ni cha wakulima wa zabibu, na wanafunzi wanaosimama hapo hushangaa udogo wake. Ukivuka daraja uko Ujerumani. Ukienda kusini kidogo uko Ufaransa. Dalili ya kuhama nchi ni kibao cha buluu chenye duara la nyota, na simu inayolia mfukoni: kampuni ya simu inamkaribisha mtu katika nchi ambayo hakujua kama amekwisha kuingia.

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya hizo anaruhusiwa kuzitembelea nyingine kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, alimradi pasipoti na kibali viwe havijaisha muda. Mwenzake anayesoma London au Manchester hana nafasi hiyo. Uingereza haimo katika mkataba, hivyo mwanafunzi Mkenya aliyeko huko huomba viza ya Schengen kama ambavyo angeiomba akiwa Nairobi, kwa ada ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, na lazima awe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Kwa hiyo safari za kushtukiza za Ijumaa ni mambo ya wanafunzi wa bara. Wa Uingereza hupanga miezi kabla, na huenda kupanga huko kukawaepusha na mengi.

Upande wa pili wa mizani ni muhula. Kwa kuwa desturi za vyuo hutofautiana nchi na nchi, Ujerumani inafaa kuwa mfano, kwa sababu mfumo wake unampa mwanafunzi uhuru mkubwa, na uhuru huo ndio unaomponza. Muhula wa baridi huanza Oktoba na kuisha Machi, ila mihadhara huwa kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Februari. Muhula wa kiangazi huanza Aprili, na mihadhara yake hukoma Julai. Mzigo wa kawaida kwa muhula mmoja ni pointi 30 za mfumo wa Ulaya wa kuhesabu masomo, na kila pointi inakadiriwa kuhitaji saa 25 hadi 30 za kazi. Jumla ni saa 750 hadi 900, na sehemu ndogo tu ya saa hizo hupita ndani ya ukumbi wa mihadhara. Zilizobaki ni za mwanafunzi na meza yake.

Mwanafunzi aliyetoka Mlimani, jijini Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Nairobi amezoea mambo mengine. Huko majaribio na kazi za muhula huingia katika alama za mwisho, na katikati ya muhula mtu hujua amesimama wapi. Ujerumani masomo mengi hupimwa kwa mtihani mmoja mwishoni, saa mbili za kuandika, basi. Katika mihadhara mingi hakuna anayeita majina. Profesa hamjui aliyekuja wala aliyebaki kitandani, na desa lote liko kwenye tovuti ya chuo, linapakuliwa hata kutoka ufukweni Barcelona. Oktoba hakuna anayeulizwa kitu. Novemba kimya. Desemba ni divai ya moto na masoko ya Krismasi. Ukimya huo wengi huuchukua kama ruhusa.

Saa hizo 900 zikigawanywa kwa wiki kumi na tano za mihadhara, kila wiki inadai saa 60, na hapo Jumamosi na Jumapili zote zimekwisha kuliwa na masomo. Zikigawanywa kwa wiki 26 za muhula mzima, ikiwemo miezi isiyo na mihadhara, kila wiki inadai saa 35 tu, na mwisho wa wiki unabaki mtupu. Mfumo umekusudia hesabu hii ya pili. Kipindi kisicho na mihadhara, ambacho wageni hukiita likizo, kimewekwa kwa ajili ya mitihani, ripoti za maabara na tasnifu fupi. Mwanafunzi anaweza kuzichukua Jumamosi za Novemba na kuzilipa Machi, au akafunga mkanda Novemba ili Machi awe huru. Wanaoanguka ni wale wanaochukua zote mbili, na wengi wao hawakuwa wavivu, ila hawakuipiga hesabu hii hadi Februari.

Kalenda yenyewe ina matundu ya halali. Krismasi huleta karibu wiki mbili bila mihadhara. Mei na Juni zimejaa sikukuu: Mei Mosi, kisha sikukuu ya Kupaa ambayo siku zote huangukia Alhamisi, na Wajerumani wengi huiunganisha na Jumapili kwa kuchukua ruhusa Ijumaa. Vyuo kadhaa huacha wiki ya Pentekoste bila mihadhara. Wanafunzi wenyeji wanaijua ramani hii ya mwaka tangu utotoni na huweka safari zao humo. Mgeni huijua mwaka wa pili, baada ya kukuta maduka yamefungwa na mabasi ni machache, akajiuliza watu wote wamekwenda wapi.

Gari la kukodi lina viti vitano, lakini mabegi huacha nafasi ya watu wanne. Gari dogo linalokunywa lita 6 kwa kilomita 100 humaliza lita 24 kati ya Aachen na Paris; kwa bei ya karibu euro 1.70 kwa lita hiyo ni kama euro 40, yaani euro 10 kwa kila kichwa. Kodi ya gari, ushuru wa barabara kuu za Ufaransa, maegesho na vitanda vya hosteli navyo hugawanywa kwa nne. Kila mtu hutuma mchango wake kwa simu kabla gari halijarudishwa, na inaonekana kila kitu kimegawanywa kwa haki.

Hatari haigawanywi. Kwenye kiti cha mbele mna Mhispania aliyekuja kwa programu ya Erasmus, iliyoanza mwaka 1987 kwa ajili hasa ya kubadilishana wanafunzi. Ana muhula mmoja, au miwili. Akifeli somo la Aachen, atalifanya kwao Valencia. Nyuma ya usukani yuko Mjerumani. Akifeli, atahama fani, atafanya kazi mwaka mmoja, na hakuna ofisi itakayomwandikia barua kumuuliza ataondoka lini nchini. Nyuma kakaa Mtanzania anayesomea shahada nzima ya uhandisi. Vyuo vingi vya Ujerumani hutoa nafasi tatu kwa mtihani mmoja. Anayeanguka mara ya tatu hufutwa kwenye fani hiyo, na mlango wa fani hiyohiyo kwa kawaida hufungwa katika vyuo vingine vya nchi. Kudisko kwa namna hii hakuishii chuoni, kwani kibali chake cha ukaazi kimetolewa kwa kifungu cha 16b cha sheria ya ukaazi, kifungu cha wanaokuja kusoma, na kinapofika wakati wa kukiongeza muda ofisi ya uhamiaji hutaka kuridhika kwamba shahada bado inaweza kumalizika katika muda unaofaa. Ofisa hatazami picha za Paris. Anatazama pointi.

Kwa hiyo watu hawa watatu wamelipa euro 10 zilezile kwa mafuta yaleyale, lakini Jumapili ileile imemgharimu kila mmoja bei yake. Hili ndilo jambo ambalo ushauri wa jumla kuhusu kugawa muda hauligusi, na ushauri wa namna hiyo umejaa kila kona. Ratiba inayomfaa Mhispania haimfai anayeketi nyuma yake. Wala Mhispania hana kosa. Yeye anaishi sawasawa na kile kilichomleta, na akiulizwa atashangaa kusikia kwamba mwenzake ana nafasi tatu tu. Marafiki wengi wa gari moja hukaa mwaka mzima bila kujua habari hii, kwa kuwa anayebeba hatari kubwa huona aibu kuitaja.

Kukataa nako kuna bei yake. Jua la Desemba huko Aachen huzama saa kumi na nusu jioni, na mtu anayekaa chumba kimoja cha bweni anaweza kumaliza siku mbili bila kutamka neno. Urafiki wa chuoni hautengenezwi kwenye mihadhara ya watu 600. Hutengenezwa jikoni, viwanjani na garini. Katika fani za uhandisi na sayansi mazoezi ya kila wiki mara nyingi huruhusiwa kufanywa na watu wawili au watatu, na makundi hayo huundwa na waliokwisha kujuana. Aliyekataa mara tatu haulizwi mara ya nne, kisha Januari anajikuta anatafuta mwenza wa mazoezi miongoni mwa watu asiowafahamu. Lugha nayo ni hivyohivyo. Saa tano ndani ya gari, mwenye usukani akibishana na ramani ya simu, zinafundisha Kijerumani ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha darasani, matusi yakiwemo.

Usukani wenyewe unahitaji tahadhari. Leseni ya Tanzania hutumika Ujerumani kwa miezi sita tangu mtu ahamie, ikiambatana na tafsiri au leseni ya kimataifa. Baada ya hapo anayetaka kuendesha hutakiwa kufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo wa huko, jambo linaloweza kumeza bajeti ya mwezi mzima na zaidi. Wako wanaoendelea kuendesha wakidhani kwamba leseni iliyoandikwa tarehe ya mbele inatosha. Ajali ikitokea, wanaonekana mbele ya sheria na ya bima kama watu wasio na leseni. Kisha kuna suala la upande. Aliyejifunzia udereva Moshi au Mombasa huendesha kushoto, na Ulaya bara huendesha kulia. Barabara kuu haimsumbui, maana magari mengine humwonyesha njia. Hatari iko alfajiri, anapotoka kwenye maegesho matupu ya hosteli na kukata kona bila gari lingine mbele yake.

Kampuni nyingi za kukodisha magari hutoza nyongeza kwa dereva aliye chini ya miaka 25 na hudai kadi ya mkopo kwa ajili ya amana. Wanafunzi wengi hawana kadi hiyo, kwa hiyo mkataba huandikwa kwa jina la mmoja aliye nayo, na hapo mgawanyo wa haki huvunjika mara ya pili. Faini humfuata mwenye jina. Miji ya Italia, Florence ikiwemo, ina maeneo ya katikati yanayozuiwa kwa magari yasiyo na kibali, na kamera hupiga picha namba ya gari kimyakimya. Wiki au miezi baadaye kampuni hukata ada kwenye kadi kwa kazi ya kutoa anwani ya mteja, kisha barua ya manispaa inafika. Wakati huo Mhispania amekwisha kurudi Valencia. Austria na Uswisi hudai stika ya barabara kuu. Ya Uswisi huuzwa kwa mwaka mzima, faranga 40, hata kama mtu anapita siku moja kwenda Milano. Kwa upande wa uchovu, ulinganisho na madereva wa malori nao unafundisha: sheria ya Umoja wa Ulaya humlazimu dereva wa lori kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Wanafunzi huendesha saa tisa usiku kucha ili kuokoa bei ya kitanda.

Mipaka iliyoondolewa imeanza kurudi kidogo kidogo. Tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani hukagua watu katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na ule wa Austria ulikuwa na ukaguzi tangu 2015. Basi la usiku husimamishwa, taa zinawashwa, polisi wawili wanapita katikati ya viti. Pasipoti na kadi ya ukaazi hutakiwa zenyewe. Picha zilizo kwenye simu hazisaidii. Mwenye kadi iliyoisha muda anayesubiri mpya, aliyepewa karatasi ya muda tu, anatakiwa kuuliza ofisi yake kwanza kabla ya kutoka nje ya Ujerumani, na kuuliza huko kufanyike wiki kadhaa kabla, maana miadi ya ofisi za uhamiaji katika miji ya vyuo hupatikana kwa shida. Jambo la rangi nalo lipo, na kulifunika hakumsaidii mtu. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya utawala ya Koblenz iliamua kesi ya mwanafunzi Mweusi, raia wa Ujerumani, aliyetakiwa kutoa kitambulisho ndani ya treni kati ya Kassel na Frankfurt. Mahakama ilisema kwamba kumchagua mtu kwa sababu ya rangi ya ngozi kunakiuka katiba. Uamuzi huo ni wa kujivunia, lakini kwenye basi la saa nane usiku abiria Mweusi bado huchomoa pasipoti mapema.

Mambo mawili madogo yamewaharibia watu muhula. La kwanza ni simu. Tangu Juni 2017 anayetumia simu ndani ya Umoja wa Ulaya halipii zaidi akivuka mpaka, lakini Uswisi haimo katika mpango huo. Usajili wa mitihani katika vyuo vya Ujerumani hufanywa mtandaoni, na una siku ya mwisho. Asiyejisajili hafanyi mtihani, hata kama amesoma kitabu chote. Mtu aliyekusudia kujisajili akiwa njiani, gari likiwa ndani ya mahandaki ya Alps na salio la data la Uswisi limekatika, hubaki anatazama saa inavyogonga sita usiku. La pili ni bima ya afya. Kadi ya bima ya umma ya Ujerumani ina upande wa nyuma unaotambuliwa katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, ila kwa raia wa nje ya Umoja haifanyi kazi kila mahali, na Uswisi na Denmark ni miongoni mwa sehemu zinazohitaji bima ya safari ya pembeni. Mguu uliovunjika kwenye theluji ya Uswisi bila bima hiyo ni deni la miaka.

Pesa ndizo zinazoleta maswali kutoka nyumbani. Anayeomba viza ya masomo ya Ujerumani huonyesha, kwa viwango vilivyoanza Septemba 2024, euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu inayomfungulia euro 992 kwa mwezi. Humo hutoka pango, bima ya afya inayozidi euro 120, chakula na simu. Kinachobaki hakitoshi Paris. Kwa hiyo hubebwa boksi: kuosha vyombo mgahawani, kupanga mizigo kwenye ghala, kusambaza chakula kwa baiskeli. Sheria humruhusu mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na mihadhara haimsubiri aliyetoka zamu ya usiku. Safari ya siku tatu inayogharimu euro 150 huwa imelipiwa mara mbili, kwanza kwa saa za ghalani, kisha kwa saa za barabarani, na zote zimetolewa kwenye zile saa 900.

Kisha picha hupanda mtandaoni. Mnara wa Eiffel, mikono imetandazwa, miwani ya jua. Kijijini picha hiyo haielezi kwamba mpigwaji alilala chumba cha watu wanane na kula mkate na jibini kwa siku tatu. Shangazi anaona mtu anakula bata majuu. Jumatatu ujumbe unaingia: mdogo wako ada ya shule, babu dawa, na bati za nyumba. Hakuna anayeomba kwa ubaya. Anayeonekana Paris anahesabiwa kuwa nazo, na kwa kipimo cha kijijini hesabu hiyo si ya ajabu. Wapo wanaojifunza kutotuma picha kabisa. Wengine huitumia nafasi hiyo kueleza, na maelezo hayo huwa magumu, kwa kuwa kusema hali halisi ni kukiri kwamba mtoto aliyesindikizwa na ukoo mzima uwanja wa ndege anabeba boksi. Kati ya sehemu zote za jambo hili, hii ndiyo inayoumiza zaidi, na haimo katika ratiba yoyote.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo mwanafunzi wa Afrika Mashariki hawezi kuyasoma akikaa Aachen. Katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe jijini Berlin kimesimama kiunzi cha mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kilichochimbwa mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi hadi pwani. Mtanzania anayesimama chini ya shingo ile akiwa na wenzake kutoka Ulaya huulizwa maswali, na akirudi husoma ili aweze kuyajibu. Tervuren, kando ya Brussels, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Aachen, kuna makumbusho ya Afrika ya Kati yaliyofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya ukarabati wa miaka mitano. Kwa Mswahili wa Lubumbashi au Goma anayesoma Ubelgiji, vilivyowekwa humo ni mali ya babu zake, na ubishi wa namna vilivyofika huko ungali unaendelea. Mwanafunzi wa ujenzi hupata somo jingine kusini mwa Ufaransa kwenye daraja la Millau, lililofunguliwa Desemba 2004 likiwa na kimo cha mita 343, au Uholanzi kwenye kuta za kuzuia bahari zilizojengwa baada ya mafuriko ya 1953. Kusafiri kwa ajili ya haya ni kusoma pia, ingawa hakumpi mtu hata pointi moja.

Wanaofaulu pande zote mbili hufanya mambo yanayofanana. Husajili mitihani kabla ya kukubali safari yoyote. Huwaambia wenzao waziwazi tarehe ambazo hawatoki, na kwa kawaida hizo ni wiki tano au sita kabla ya mtihani wa kwanza, kile kipindi cha lala salama ambapo hata Mjerumani huonekana maktaba. Hurudi Jumapili mchana. Hili la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana: maduka ya Ujerumani hufungwa Jumapili nzima, hivyo anayefika saa tano usiku hukuta friji tupu, nguo chafu na zoezi la kukabidhi saa mbili na nusu asubuhi, na Jumatatu yote hupotea pamoja na Jumanne ya kulipia Jumatatu. Safari ya siku mbili inayorudi mchana hula siku mbili. Ileile ikirudi usiku hula nne.

Wengine huacha gari na kupanda treni au basi, na kwa mwenye mitihani huu ndio uamuzi bora, ingawa garini ndiko kwenye raha. Soko la mabasi ya masafa marefu Ujerumani lilifunguliwa mwaka 2013, na nauli zake zikinunuliwa mapema hushinda mgawo wa mafuta. Tiketi ya wanafunzi iliyoanza muhula wa kiangazi wa 2024 katika vyuo vilivyojiunga humpandisha mtu treni zote za mikoa, kutoka bahari ya kaskazini hadi chini ya Alps. Tiketi ya Interrail, iliyoanzishwa mwaka 1972, huuzwa pia kwa mgeni mwenye ukaazi Ulaya. Luxembourg ilifuta nauli za usafiri wa umma tangu mwaka 2020, na mabasi, tramu na treni za daraja la pili ni bure kwa kila mtu. Ndani ya treni kuna meza, soketi na saa nne za kimya. Garini anayesoma hutapika, na asiyeendesha anatakiwa kuchagua muziki.

Ipo pia safari ambayo haihitaji hata Ijumaa. Kutoka katikati ya Aachen basi la mjini huvuka mpaka hadi Vaals, na juu ya kilima cha mita 322, ambacho kwa Uholanzi bara ndiyo kilele, Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi hukutana kwenye nguzo moja. Mtu hupanda baada ya chakula cha mchana, huzunguka nguzo akiwa amepita nchi tatu kwa hatua chache, na saa kumi na mbili jioni yuko mezani kwake. Wanafunzi wengi hugundua kilima hiki mwaka wa mwisho.

Safari ndefu zinakaa vizuri zaidi baada ya mtihani wa mwisho, ambao kwa wengi huwa kati ya mwisho wa Februari na nusu ya kwanza ya Machi. Mihadhara mipya ni ya Aprili, vitanda vya hosteli havigombaniwi kama Julai, na magari mengi ya kukodi yanasubiri wateja. Baadhi ya wanaoelekea Italia wakati huo hupita Austria, ambako dereva anayekuta theluji au barafu barabarani hulazimika kuwa na matairi ya baridi hadi tarehe 15 Aprili. Yakikosekana, faini itakwenda kwa aliyeshika usukani.